Kabati la Ijumaa

Leo ametuma ufunguo ndani ya bahasha, bila barua.
Wakili Kemunto hakuwa mtu wa barua ndefu;
hata hati za kiapo alizipunguza kwa kalamu nyekundu
mpaka ukabaki ukweli na tarehe.

Miaka thelathini na mmoja nimemchapia.
Ngara, orofa ya tatu, juu ya duka la miwani,
lifti imekufa tangu enzi za taipureta,
na wateja wakifika mlangoni hutweta kwanza,
ndipo waseme walivyoonewa.

Wa kwanza alikuwa msichana wa kidato cha tatu,
sanduku la bati mkononi, kafukuzwa bwenini
kwa kukataa kufanya mtihani Jumamosi.
Mwalimu mkuu aliandika neno moja: ukaidi.
Wakili alilitazama kama mtu aliyeona nzi ndani ya chai.
“Bwana Ambundo, lipigie mstari. Kesi iko hapo.”

Kesi ile tulishindwa.
Msichana akarudia darasa shule nyingine, Nyamira,
na kila Disemba, miaka sita, akatuletea ndizi,
kana kwamba kushindwa nako kuna ada yake.

Kisha yule mlinzi wa usiku kutoka Vihiga, shahidi,
aliyekabidhiwa Biblia kizimbani, Milimani,
akairudisha taratibu: “Humu ndani nimeambiwa nisiape.”
Hakimu akavua miwani. Ukumbi ukacheka.
Wakili akasimama, joho limepauka mabegani:
“Mheshimiwa, huenda huyu peke yake ndiye aliyekisoma.”
Nikamkumbuka nyanya yangu, wa kanisa la Marafiki,
ambaye ndiyo yake ilikuwa ndiyo,
na ilitosha kununulia ng’ombe.

Sisemi alikuwa malaika.
Aliwahi kuninunia wiki nzima kwa sababu ya koma.

Mchungaji mmoja wa kanisa la mabati, Kawangware,
alipanda ngazi na wazee wanne na bahasha nene.
Jirani kawashtaki: vipaza sauti, usiku kucha.
“Ni uhuru wetu wa kuabudu,” akasema.
Wakili akauliza jirani huyo anaitwa nani.
Wakatazamana.
“Nendeni mkalijue jina lake, kisha mrudi.”
Bahasha ikashuka nao,
na kodi ya mwezi ule tukailipa kwa mafungu.

Halafu ukaja mwaka wa kilemba.
Mtoto wa Akorino, miaka tisa, kazuiwa langoni mwa shule,
kitambaa cheupe kichwani kama yai.
Tulishinda. Makanisa yakatuma kadi.
Wiki tatu baadaye akaja Bi Hodan wa Eastleigh
na binti yake, shule ileile, lango lileile, mtandio.
Wakili akaitoa faili ya kilemba,
akaniambia nibadilishe majina.
“Na hoja?”
“Hoja ni ileile. Ukiibadilisha,
basi mara ya kwanza tulimdanganya hakimu.”

Kadi hazikuja. Simu za wafadhili zikapoa,
na Sabato iliyofuata, kanisani kwake,
benchi alilokalia lilikuwa na nafasi tele.
Aliniambia hilo mara moja tu, akipuliza chai ya tangawizi,
kisha akauliza kama stempu zimebaki.

Kila Ijumaa, jua likigusa rafu ya pili,
alifunga kabati hili. Hata kukiwa na rufaa Jumatatu.
Mimi nikilalamika, yeye akitafuta viatu vyake chini ya meza:
“Dunia ilikuwepo kabla ya faili hii, Ambundo.”

Vijana waliorithi ofisi wanataka kila kitu kiwe kwenye kompyuta,
karatasi ziuzwe kwa kilo.
Nimewaambia Jumatatu.

Sasa jua liko kwenye rafu ya pili.
Mimi si wa Sabato, na sijui kwa hakika ni wa nini.
Nimezungusha ufunguo tu,
nikaketi kidogo bila kuwasha taa,
faili mbili zikiwa bado mezani.